Hilux otomatiki inaondoka kizito na taa ya O/D OFF inapepesa: giaboksi imekufa kweli? (Tanga)

Mchukuzi wa Muheza (mleta uzi)

Wakuu salaam. Niko Muheza, nasomba machungwa kupeleka mjini Tanga, na msimu ukikubali nafika mpaka Horohoro. Gari ni Hilux dabo kabini ya mwishoni mwa miaka ya tisini, petroli, injini 3RZ ya lita 2.7, fo wili, giaboksi otomatiki ya gia 4.

Tangu masika yakolee, nikiweka D gari inaondoka kwa uzito usio wa kawaida. Nakanyaga mafuta, injini inaguna, gari inajivuta pole pole. Ikishachanganya mwendo inakwenda vizuri tu, huwezi kujua kama ina ugonjwa. Nikishusha L inaondoka na nguvu zake zote, hata matenga yakiwa yamejaa. Rivasi haina shida. Halafu taa ya O/D OFF (ya kuonyesha ovadraivu, gia ya 4, imezimwa) pale kwenye dashibodi inawaka na kuzima yenyewe, na swichi sijaigusa.

Nimeipeleka gereji moja mjini. Fundi kazunguka nayo mtaa mmoja, kashuka, kasema giaboksi imekwisha, nitafute nyingine ya mtumba Dar yeye atanifungia. Hiyo bei aliyonitajia ni machungwa ya msimu mzima. Kabla sijaanza kukopa naomba mawazo yenu.

Bado Nalipa Mkopo

Gari ya kazi otomatiki ya nini mkuu? Toa hiyo, weka manyuo, utalala usingizi.

Spana 14

Mchukuzi, usinunue kitu kwanza. Na wewe Mkopo, kuweka manyuo si kubadilisha giaboksi peke yake: kuna pedeli ya klachi, silinda zake za juu na chini, flaiwili, propela huenda zisikubali urefu, na waya za kompyuta. Mtu anaingia humo kwa sababu ya waya mmoja uliokatika.

Mchukuzi, dalili umezieleza vizuri kuliko huyo fundi alivyozisikiliza. Giaboksi hii ni familia ya A340, ya fo wili inaitwa A340F. Haijichagulii gia. Kompyuta ndiyo inayochagua, kwa kuwasha na kuzima solenoidi mbili (valvu ndogo za umeme) zilizo chini, juu ya sampo, lile bakuli la oili. Gia ya 1: namba 1 inawaka, namba 2 imezima. Gia ya 2: zote zinawaka. Gia ya 3: namba 1 imezima, namba 2 inawaka. Gia ya 4, yaani ovadraivu: zote zimezima.

Sasa iondoe namba 1 kwenye hesabu hiyo. Kwenye D, gia ya 1 na ya 2 hazipatikani tena. Kompyuta inabaki na ya 3 na ya 4. Kwa hiyo gari lako linaondoka na gia ya 3, na mzigo juu. Ndio huo uzito. Ukiweka L, gia ya 1 inashikwa na valvu inayosukumwa na mkono wako wa gia, ndiyo maana huko nguvu zipo.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu kwa mbali, nao ni wanwei ya gia ya kwanza (klachi inayoshika upande mmoja tu) kuteleza. Nao unakataa D na kukubali L. Tofauti iko kwenye sauti: wanwei ikiteleza, ukikanyaga mafuta kwenye D injini inapiga resi bure, mshale unapanda, gari limesimama. Lako injini inaguna na resi haipandi. Hiyo ni gari inayoshika, ila imeshika gia isiyo yake.

Na taa inayopepesa haijaharibika. Inakuita. Kompyuta ya giaboksi imeona hitilafu ya umeme na imeiandika. Kaisome kabla hujamlipa mtu. Fungua boneti, tafuta kiboksi kidogo cheusi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Chini ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Angalia ramani mara mbili, usichomeke tundu la jirani. Swichi ya O/D iwe imebonyezwa ndani. Washa funguo mpaka ON bila kupiga staa, kisha hesabu taa inavyopepesa.

Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, hakuna kitu. Kama kuna kosa, inapepesa tarakimu ya kwanza, inatulia kidogo, kisha ya pili. 42 na 61 ni sensa za mwendo. 62 ni solenoidi namba 1, 63 ni namba 2, 64 ni ile ya kufunga konvata, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Rudi hapa utuambie.

Mpimaji

Mambo ya vipande vya waya ya nini zama hizi? Aende kwenye mashine, dakika mbili inamtolea kila kitu.

Spana 14

Mashine ni nzuri kwa gari inayoielewa. Hilux nyingi za Japani za umri huo ukichomeka mashine ya mkononi ya bei nafuu inakaa inazunguka, mwisho inasema haijaunganishwa. Hapo ndipo fundi anapoanza kupiga ramli. Na hata mashine ikisoma, itakwambia saketi ya solenoidi ina kasoro. Haitakwambia kama ni solenoidi yenyewe, soketi au waya. Huo unabaki kuwa mtihani wa mita na macho.

Mzee wa Pangani

Assalaam alaykum waungwana. Namuuliza kijana, oili yake ikoje? Maana wenzetu siku hizi wanazungumza umeme tu, na giaboksi ya otomatiki inaishi kwa oili. Ameitazama rangi? Amenusa?

Mchukuzi wa Muheza

Waalaykum salaam mzee. Rangi ni nyekundu iliyofifia kuelekea kahawia, haina harufu ya kuungua. Kiwango kipo kwenye alama.

Mzee wa Pangani

Alama ipi, na ulipima vipi? Kijiti hicho kina sehemu mbili, ya baridi na ya moto. Gari litembee mpaka giaboksi ipate joto, oili ifike digrii 70 hadi 80. Lisimame pahali pa tambarare, injini ikiwa inaunguruma, mguu juu ya breki, upitishe mkono wa gia kutoka P mpaka L, kila mahali utulie kidogo, kisha urudi P. Hapo ndipo uchomoe kijiti, ukifute, ukirudishe, ukitoe tena. Kisome upande wa HOT. Kupima injini imezimwa, kama watu wapimavyo oili ya injini, kunakupa jibu la uongo, kwa kuwa oili iliyokuwa kwenye konvata huanza kuteremka kwenye sampo ukaiona nyingi.

Ikipungua, pampu huvuta hewa, presha hushuka, klachi huteleza na kuungua. Ikizidi nayo si salama, mashine inayozunguka huichapa ikatoa povu, na povu halibebi presha.

Mchukuzi wa Muheza

Mzee nashukuru. Jioni hii nimefuata maelekezo hayo hayo baada ya kutoka mjini. Imesoma katikati ya alama mbili za HOT. Nimeipangusa kwenye karatasi nyeupe, rangi nyekundu-kahawia, hakuna chembe nyeusi.

Spana 14

Safi sana. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ingekuwa hadithi nyingine, hapo klachi zimeshaliwa na hakuna solenoidi itakayokuokoa. Yako inaonyesha mgonjwa bado ana damu. Mzee wa Pangani yuko sahihi kuanzia hapo.

Dada wa Mombo

Jamani na mimi niingize langu. Yangu ni Hilux Surf, otomatiki pia, nashusha mboga kutoka Lushoto. Nikiwa napanda, kwenye mwendo wa wastani nikikanyaga mafuta kidogo tu, gari inatetemeka sekunde chache kana kwamba naendesha juu ya matuta madogo, halafu inaacha. Fundi kasema ni plagi. Nimebadilisha plagi, iko vile vile.

Spana 14

Dada, injini yako ni petroli au dizeli? Kama ni dizeli basi huyo fundi kabadilisha plagi za kupashia moto, hazihusiani kabisa. Jaribu hivi: ikianza kutetemeka, gusa pedeli ya breki kwa mguu wa kushoto, mguso wa kuwasha taa za breki tu, mguu wa kulia ubaki kwenye mafuta. Ukigusa breki, kompyuta inaachia kufuli ya konvata. Mtetemo ukikatika pale pale, shida iko kwenye klachi ya kufunga konvata au oili iliyochoka. Ukiendelea, rudi kwenye injini na propela. Fanya sehemu iliyonyooka isiyo na gari nyuma, si kwenye kona za Soni.

Dada wa Mombo

Dizeli kaka. 😂 Nimekuelewa. Nitajaribu nikishuka bondeni.

Bado Nalipa Mkopo

Huyo wa Mombo akipanda na kushuka kila siku joto litammaliza kabla ya konvata. Kuna jamaa zangu wa lori za Lushoto wanasema hivyo.

Spana 14

Hapo mkuu umesema kweli. Kupanda kutoka Mombo ni kona na mwinuko, zaidi ya kilomita 30, konvata haijifungi mara nyingi, inakoroga oili tu na kuzalisha joto. Bonyeza O/D izime wakati wa kupanda, isiwe inaruka kati ya 3 na 4. Kushuka pia izime, ukihitaji shusha mpaka 2, injini ikusaidie kushika. Na rejeta ya nje ya kupoza oili ya giaboksi, ile ndogo inayofungwa mbele, kwa mtu wa mlimani mwenye mzigo naiona ina maana kuliko rimu mpya.

Mzee wa Pangani

Kwa kuwa umetaja rejeta, nina neno. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta ya maji, kwenye tenki la chini au la ubavuni. Sisi wa pwani tuna tabia ya kujaza maji ya kisima kwenye rejeta, na visima vyetu vingi vina chumvi. Chumvi hula kile kipoza cha ndani. Siku kikitoboka, maji huingia kwenye giaboksi na oili huingia kwenye maji. Ukichomoa kijiti ukaona rangi ya chai ya maziwa, usiwashe gari tena, hata kulirudisha nyumbani. Maji hubandua vitambaa vya klachi kwenye sahani zake. Gari langu la zamani liliondoka hivyo. Tumieni kulanti.

Mchukuzi wa Muheza

Wakuu, nimerudi. Nimefanya ya waya na mdogo wangu akihesabu kwa sauti. Taa imepepesa mara sita, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Ikarudia vile vile. 62 tu, hakuna nyingine.

Spana 14

Solenoidi namba 1. Umeona?

Sasa kuna kazi mbili, usichanganye. Ya kwanza ni kuhakikisha giaboksi yenyewe ni nzima, ili usitengeneze umeme wa maiti. Fuata waya zinazoshuka ubavuni mwa giaboksi, kuna soketi ya solenoidi. Ichomoe. Kompyuta sasa haina mkono kwenye giaboksi, gia unazichagua wewe: L itakupa gia ya 1, 2 itakupa gia ya 3, D itakupa ya 4. Nenda pahali peupe, anza na L, kisha 2, kisha D. Ukisikia kila badiliko na hakuna kinachoteleza, klachi zako zipo. Usiondoke na D hivyo, utaichosha bure.

Ukiwa hapo pima pia kuchelewa. Injini ya moto, breki ya mkono imekaza, mguu kwenye breki, toka N kwenda D uhesabu mpaka usikie inashika. Kitabu kinataka isizidi sekunde 1.2. N kwenda R isizidi 1.5. Ikichelewa zaidi ya hapo, presha ni ndogo au klachi zimeisha.

Kazi ya pili ni mita. Soketi ikiwa imechomolewa, upande wa giaboksi, pima kati ya pini ya kila solenoidi na bodi ya giaboksi. Inatakiwa omu 11 hadi 15. Ukipata hiyo kwenye namba 1, giaboksi haina kosa, tafuta waya kati ya soketi na kompyuta. Mita ikikaa kimya, shida iko ndani ya sampo. Na angalia pini zenyewe. Kwa hewa yetu ya chumvi na matope ya masika, pini zikiwa na kutu ya kijani zioshe kwa dawa ya kusafishia umeme kabla ya kupima.

Mpimaji

Na stoli testi? Kukanyaga breki na mafuta mpaka mwisho kwenye D uone resi inafika ngapi. Hiyo ndiyo inayosema kweli.

Spana 14

Inasema kweli, lakini haisemi kwa upole. Isizidi sekunde 5, oili iwe ya moto, magurudumu yazuiwe, watu wakae pembeni. Sijamwambia kwa sababu giaboksi isiyopata gia ya 1 ukiifanyia hivyo unapima kitu kingine. Tena wengi wanaishikilia mpaka oili inachemka, halafu wanasema gari ilikuwa mbovu toka zamani.

Spea Mtumba

Mkuu mleta uzi, giaboksi ninazo, njoo inbox.

Mchukuzi wa Muheza

Subiri kwanza ndugu 😅

Matokeo haya hapa. Soketi nimechomoa, nimeendesha kwenye uwanja wa mpira: L imeenda, 2 imeenda, D imeenda, hakuna kuteleza. Kuchelewa kushika ni chini ya sekunde, D na R zote. Fundi umeme wangu hapa Muheza amepima: namba 2 imesoma 13, ya konvata 13 na ushee, namba 1 mita haikusema kitu. Pini tulizisafisha, zilikuwa na ukijani kidogo, jibu halikubadilika.

Spana 14

Basi shusha sampo. Giaboksi haishuki, inabaki juu. Mwaga oili kwenye chombo kisafi uipime ni kiasi gani, itatoka kama lita 2, nyingine inabaki kwenye konvata. Legeza boliti taratibu kuzunguka, sampo imegandwa na silikoni, usiibandue kwa bisibisi ukaipinda mdomo.

Ndani ya sampo kuna sumaku ndogo. Zitoe uziangalie juani kabla hujazifuta. Ukikuta tope laini jeusi, la kupakika kidoleni, huo ni uchakavu wa kawaida wa gari ya umri huo. Ukikuta vipande vinavyometa vilivyonata kwenye sumaku ni chuma, kuna beringi au gia inalika. Vipande vya njano visivyoshikwa na sumaku ni bushi. Utupigie picha.

Kisha pima omu kwenye solenoidi yenyewe, si kwenye soketi ya nje.

Bado Nalipa Mkopo

Na akishafungua abadilishe oili yote au sehemu? Maana nimesikia ukibadilisha oili kwenye giaboksi ya zamani ndio unaiua.

Spana 14

Wanaokufa ni wale waliokuwa wanateleza tayari, oili imejaa unga wa klachi, wakaenda kuisukuma yote kwa mashine ya presha, wakaisingizia oili mpya. Yeye oili yake haijaungua. Aweke hiyo lita 2 mpya, atembee, arudie tena siku nyingine. Filta akiwa pale aibadilishe au aioshe ile ya wavu wa chuma.

Aina ya oili asome kwenye kijiti, mara nyingi imeandikwa. Giaboksi yake inataka Dexron II au III. GM waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo chupa za sasa zinaandika kwamba zinafaa mahali pa Dexron III, na hiyo inatosha. Asikubali kuuziwa ya CVT (otomatiki ya mkanda) kwa kuambiwa otomatiki ni otomatiki.

Kijana wa Horohoro

Swali la haraka: otomatiki ikizimika betri inaweza kusukumwa? Na kuvutwa kwa kamba?

Spana 14

Kusukuma haiwaki. Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini, injini ikiwa imelala hakuna presha, hakuna kinachoshikana. Kuvutwa ni sababu hiyo hiyo: magurudumu yanazungusha vyuma ndani na hakuna oili inayopanda kuvilainisha. Ikibidi kwenda mbali fungua propela au ipande juu ya lori. Kwa betri tafuta waya wa kuchukulia moto.

Mchukuzi wa Muheza

Wakuu. Sampo imeshuka. Sumaku zina tope laini tu, nimelipaka kidoleni linateleza, hakuna kinachometa. Solenoidi namba 1 tumeipima yenyewe imesoma 13! Fundi umeme akashika ule waya wa ndani karibu na kichomekeo chake, ganda lilikuwa limekakamaa na oili na joto miaka yote, alipoupinda tu ukamegeka mkononi. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika ndani ya ganda, nje ukiangalia ni mzima.

Tumeunga waya mpya wa kuvumilia oili na joto, amechomelea kwa risasi na kuvisha ganda. Mita kwenye soketi ya nje sasa inasoma 13.

Spana 14

Hapo sasa. Mkae wote mkijua kwamba kuna mtu alikuwa anaelekea kukopa hela ya giaboksi.

Wakati wa kufunga: boliti za sampo ni ndogo, kitabu kinasema Nm 7.4. Ni nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Ukizikaza kwa hasira utapinda sampo ivuje, au uchane nyuzi za alumini. Boliti ya solenoidi ni Nm 10. Ukishajaza oili, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 au zaidi ili kompyuta isahau 62 ya zamani, kisha rudisha.

Kitu kimoja zaidi, kabla hujafunga boneti. Kuna kebo inatoka kwenye throto (mlango wa hewa wa injini) inashuka giaboksi. Mtu akanyage mafuta mpaka mwisho, wewe angalia kile kituo kidogo kilichobanwa juu ya kebo: kati yake na mdomo wa ganda la kebo iwe milimita 0 hadi 1. Kwenye giaboksi hii kebo haichagui muda wa kubadilisha gia, inapanga presha. Ikilegea, gia zinaingia kwa ulaini mtamu unaoupenda, kumbe klachi zinateleza zinaungua. Ikikaza sana, kila gia inapiga teke.

Mchukuzi wa Muheza

Kebo ilikuwa imelegea milimita kama 4, tumeirudisha. Fyuzi tumechomoa na kurudisha. Taa imezima. Leo nimetoka Muheza na matenga yamejaa, gia ya 1, 2, 3, na 4 nimezisikia zote zikiingia. Spana, Mzee wa Pangani, wadau wote, mmenitoa pabaya. Atakayepita Muheza machungwa yapo.

Dada wa Mombo

Hongera kaka. Mimi nimegusa breki, mtetemo umekatika pale pale. Sasa nafanyaje?

Spana 14

Anza na oili dada. Angalia rangi kwanza na usome kijiti kama mzee alivyoelekeza. Ikiwa imechoka badilisha lita 2 kwa awamu, Surf za dizeli nyingine zinataka Type T-IV, soma kwenye kijiti chako kabla ya kununua. Mtetemo ukibaki baada ya hapo tutazungumza habari ya konvata.

Kijana wa Horohoro

Mkuu yangu nimehesabu taa ni nne, halafu mbili.

Spana 14

42, sensa ya mwendo. Mshale wa spidi unafanya kazi? Fungua uzi wako, andika injini, mwaka na picha ya kijiti cha oili, nitakuja huko.